Yatokanayo

Naitwa Somoe Nampota, mwandishi wa vikao vya mtaa,
kalamu ya bluu, daftari la kurasa tisini na sita,
na leo naandika yale ambayo muhuri uliyakataa.

Jumamosi, saa nne iliyoandikwa saa tatu,
uwanja wa shule, Magomeni, Mtwara mjini.
Viti vya plastiki kumi na viwili, vya kukodi;
waliobaki tumekalia matofali ya darasa lisiloisha.
Agenda ni moja: matuta.

Maana barabara ilipopata lami tulipiga vigelegele,
tukaifagia kama sebule.
Wiki ya pili malori ya korosho yakaijua,
yakashuka nayo kutoka Newala kwenda bandarini
yakipiga honi kama yanayodai deni.
Wiki ya tano, mguu wa Rehani.

Usiku ule hatukuitisha kikao.
Tulibeba magogo ya mnazi, kifusi, mlango wa friji bovu,
tukalaza tuta letu la hasira katikati ya njia.
Asubuhi gari la manispaa likazoa vyote,
likatuachia karatasi: tuta huombwa.

Basi tunaomba.

Mhandisi, kijana wa shati la mstari wa pasi,
akatandaza ramani juu ya boneti.
"Tuta moja," akasema, "mbele ya ofisi ya mtaa."
Mwenyekiti akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

Chilumba wa bodaboda akasimama bila kuruhusiwa:
"Usiku nabeba wajawazito kwenda Ligula.
Tuta refu ni mkunga asiyesomea.
Mnataka nizalishe njiani?"
Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Bi Nantende wa mihogo akalitaka mbele ya karai lake,
wala hakuficha: "Gari likipunguza mwendo, dereva ananusa."
Fundi Mpunja akataka kimo kijulikane,
akainua kiganja: hivi? Akakishusha: au hivi?
Na sisi, watu mia na saba, tukagombania hewa
iliyo chini ya mkono wa fundi mmoja.

Nilikuwa nimeshaandika *wajumbe kwa kauli moja*
(huwa tunaiandika mapema, inaokoa muda)
pale mkongojo ulipogonga tofali mara mbili.
Rehani. Miaka tisa.
"Hapo ofisini sisi hatuvuki.
Tunavukia kwenye bomba,
maana huku kuna mbwa wa Likanga."

Kimya. Mhandisi akaigeuza ramani,
akaitazama kama fulana aliyoivaa kinyume.
Ramani haikuwa na mbwa.
Bomba pia halikuwemo.

Tukaondoka wote, kikao kikitembea,
mwenyekiti nyuma, viti vya kukodi vikibaki kujadiliana vyenyewe,
mpaka bombani. Mtoto akatoa kipande cha chaki mfukoni,
akainama kwa tabu, akapiga mstari,
mstari ukaenda upogo.
Ikapanda mikono themanini na mmoja.
Niliihesabu mara mbili, nikasahau kuinua wangu.

Fomu ya mahudhurio ina safu ya umri: kumi na minane na kuendelea.
Nilimwandika Rehani, namba mia na nane.
Muhtasari ukarudi umezungushiwa wino mwekundu.
Nikaunakili upya.
Nikamwandika tena.

Tuta limekuja korosho za mwaka mwingine zikianza kuanguka.
Lipo bombani, sawasawa na chaki,
ila limepungua vidole vinne
kutoka kiganja cha Mpunja.
Malori yanalipita kama mtu anayeruka dimbwi.
Nani kalipunguza, hakuna anayejua;
Chilumba akipita hapo hutazama mbele tu.

Jumamosi tunakutana tena.
Nimeshapiga mistari, nimeshaandika vichwa:
Kufungua kikao.
Mahudhurio (safu ya umri nimeifuta kwa wembe).
Yatokanayo,
na chini yake nimeacha ukurasa mzima.