Mashine ya Majani, Skuli ya Mtambwe

Imelala chini ya mkungu, tairi moja hewani,
kiti kimepasuka, sponji limetoka nje kama ubwabwa,
na kwenye bomba la moshi mjusi keshahamia.
Wiki ya tatu hii. Masika hayasubiri kamati.
Majani yamefika magotini mwa golikipa.
Jana wameusaka mpira hadi adhana ya magharibi,
wakaupata pamoja na mayai saba ya kanga.

Bi Zuwena, Mwalimu Mkuu, kaugawa ubao kwa chaki:
huku TENGENEZA, huku NUNUA.
Huku: shafti ya visu, beringi mbili, mkanda,
sahani ya chini kunyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa,
laki nane na sitini, kama krenki haikupinda.
Huku: milioni saba na nusu, na boti,
na wapagazi wa Mkoani,
na kungoja barua ijibiwe.
Bwana Ussi akacheka: Kipya kinyemi.
Bi Riziki wa jikoni akammalizia: Ingawa kidonda.
Mmoja akataka iuzwe kwa wa vyuma chakavu,
kilo ni kilo, turudi kwenye fyekeo.

Kisha wakanigeukia mie.
Shaame, wewe ndiye dereva.
Mwaka wa nane naipanda; naijua inavyokohoa asubuhi
kabla haijakubali.
Nikasema: Jiwe. Tuligonga jiwe.

Sikusema kisiki.
Kisiki cha mkarafuu, kona ya kaskazini,
nakijua kama ulimi unavyolijua jino bovu.
Kila Alkhamisi nakizunguka.
Siku ile simu ilikuwa sikioni,
namuuliza shemegi bei ya mabati.
Kishindo. Kimya. Harufu ya petroli.
Nikakifunika kwa majani, nikaondoka.

Kwa hiyo moyoni nilikuwa upande wa NUNUA.
Mashine mpya haiulizi ya zamani imekufa na nini.
Ikienda kwa mizani, inakwenda na ushahidi wake.

Lakini wamemwita Fundi Mjaka kutoka Wete,
kaja na vespa, spana kazifunga kwenye kipande cha shuka.
Hakuuliza kitu. Akachomoa plagi isije ikawaka,
akajilaza chali chini ya chuma
kama mtoto aliyejificha mvunguni,
akaizungusha krenki kwa mkono, polepole,
jicho kwenye ncha ya shafti.
Ikiyumba, injini haina dawa.
Haikuyumba. Au iliyumba upana wa unywele:
alirudia mara tatu.
Kisha akafungua kisu, kimekunjika kama sikio la mbwa,
akabandua uzi wa mti uliokwama kwenye ufa,
akaunusa.

Mpemba hakosei mkarafuu, hata uliokauka.
Akanitazama.
Mawe ya Mtambwe, alisema, yananukia.
Hakuongeza neno. Kwenye karatasi ya kamati
kaandika: Inatengenezeka.
Chini, kwa herufi ndogo: kisu, dereva atanunua mwenyewe.
Sikubisha.

Hawajaamua bado. Kikao Jumatatu.
Bi Zuwena ataka kujua itaishi miaka mingapi;
laki nane kwa miaka mitatu ni nafuu,
kwa miezi mitatu ni ujinga,
na chuma hakiandiki wasia.
Fundi kamjibu: Muulize anayeipanda.

Ndiyo maana leo nimeazima shoka na sururu.
Kisiki kina mizizi kuliko nilivyodhani;
mmoja umepita chini ya mstari wa goli,
mwingine sijaona mwisho wake.
Nimeanza saa kumi, viganja vimevimba,
na harufu ile imenijaa puani, kwenye shati, kwenye kofia.
Watoto wameacha mpira, wamenizunguka.
Ami Shaame, unachimba nini hapo?

Nikaegemea mpini.
Kisiki, nikasema.
Kisiki.