Maneno Sita kwa Kila Mtu

Kamati ya mkoa imeniletea bamba la marumaru,
refu kama jeneza, na karatasi yenye majina saba:
watu mashuhuri wa Manabí.
Chini ya kila jina, wakasema, weka alichokifanya.
Maneno sita. Yasizidi.
Mimi hulipwa kwa herufi. Sikubishana.

Wa kwanza, daktari Temístocles Anchundia.
Alipita kijito hadi kijito na chupa mkobani,
akazipanga mezani kwa wakubwa wa Portoviejo,
wakaona viluwiluwi vya mbu vikicheza mbele ya taa.
Homa ikahama mkoa. Njiani ikampitia.
Nimechonga: ALIIJUA HOMA VIZURI KABLA HAIJAMJUA YEYE.

Wilfrido Pachay, golikipa.
Usiku mmoja huko Guayaquil, penalti tatu, kidole kimevunjika.
Kikaunga kikiwa kimepinda,
akawa anakitumia kufungulia soda harusini,
watoto wamepanga foleni waone.
Kamati inataka penalti.
Mimi nilikitaka kile kidole.

Don Abelardo Giler aliokota tagua,
mbegu ya msituni, nyeupe, ngumu kama pembe,
akaisafirisha kwa magunia, ikarudi vifungo.
Wazee wa gatini huapa kwamba katika vita fulani
majenerali wa pande zote mbili
walifunga makoti kwa msitu wetu.
Nimechonga: TEMBO WANGAPI WALIISHI KWA VIFUNGO VYAKE?
Kamati ikafuta alama ya kuuliza.

Wa nne na wa tano walikuwa magavana.
Maneno yao yalikuja tayari, yamepigwa muhuri.

Wa sita nilimjua. Mwalimu Auristela Lucas.
Ardhi ilitikisika Jumamosi, shule ikalala kifudifudi.
Jumatatu akasimama katikati ya uwanja wa mpira,
vumbi nyusini, rejista mkononi,
akaita majina yote, kwa alfabeti,
na kwa kila asiyeitika akangoja
muda uleule aliowapa watoro siku zote,
kisha akaweka alama ya penseli, hafifu, inayofutika.
Mwanangu alikuwa herufi M.
Maneno sita ya mwalimu sijayaandika. Nimeacha nafasi.

Wa saba: "Mfumaji wa kofia, kijiji cha Pile. Jina litaletwa."
Halikuletwa.
Nikapanda gari la mizigo, kati ya mbuzi na mitungi ya gesi,
nikauliza: mfumaji mashuhuri ni yupi?
Wakacheka. Kila nyumba mtu ameinama,
kifua kimekandamiza gogo, vidole vimo majini.
Mmoja akajibu bila kuinua uso:
"Jua limepanda, ukindu unakatika. Njoo usiku."

Usiku nikarudi.
Eudoxia Quijije, miaka arobaini na mmoja,
mwezi wa saba katika kofia moja.
Ukiikunja inapenya kwenye pete. Ukiitia maji hayavuji.
Ng'ambo huivaa kwa jina la nchi nyingine,
nchi ilikopitia tu, ikiwa njiani kwenda kuuzwa.
"Wewe hulipwaje?" akauliza.
Kwa herufi, nikasema. Dola moja na nusu.
Akanyamaza. Nikajua anahesabu nyuzi.

Kisha akaigeuza kofia, akanionyesha utosini
kitovu kidogo pale mfumo unapoanzia,
nyuzi nane zimepandana kwa namna yake,
si ya dada yake, si ya jirani.
"Hilo ndilo jina. Mwenye pesa hulivaa kichwani,
hana macho huko juu."

Nimekichonga kile kitovu kwenye marumaru, siku tisa.
Patasi imeteleza mara moja; uzi wa tano umepinda kidogo.
Mweka hazina amekuja na miwani yake,
amepapasa jiwe, ameuliza ni herufi ngapi hizi.

Kwenye ankara nimeandika: moja.
Bei nimeiacha wazi,
nimempa penseli.