Kibao cha Nyuma

Fomu ina mistari mitatu tu
chini ya maneno SABABU YA MAOMBI,
na kalamu ya ofisi imefungwa kamba fupi
kama mbuzi wa kuazima.
Naandika: Gari ni la marehemu baba.
Nalikata neno "marehemu",
lisije likasomwa kuwa ni la gari.

Bwana Ntahondi wa dirisha la pili
anauliza mwaka wa kutengenezwa.
Hamsini na tisa.
Anabonyeza. Kompyuta inaguna.
Anabonyeza tena, taratibu, kwa adabu.
"Dada Nyamizi, mashine yetu inaanzia sabini.
Huko nyuma haina habari nako."

Huko nyuma, Bwana Ntahondi,
kulikuwa na barabara ya Sikonge
na vumbi lililofika mpaka kwenye ugali,
na karani wa mizigo wa stesheni ya Tabora
aliyenunua Pijo kwa padri anayerudi kwao:
nusu kwa fedha ya asali, madebe arobaini,
nusu kwa hawala ya posta, mwezi hadi mwezi,
mpaka bahasha zikaanza kurudi
zimepigwa mhuri wa lugha asiyoijua.
Akaelewa. Akaendelea kutuma miezi miwili zaidi,
huenda posta imekosea.

Namba ya chesisi nimeileta kwa penseli:
karatasi juu ya chuma, unasugua,
tarakimu zinapanda zenyewe kama upele.
Kibao cha mbele hiki hapa, ndani ya kanga.
Cheusi. TBA 407, nyeupe, ya brashi.
Tazama saba yenye mkia:
mkono wa Kitwana Hilali, fundi rangi wa Ng'ambo.
Hata makaburini saba zake zina mkia.

"Na cha nyuma?"

Namba ya zamani haikubaliwi kwa kibao kimoja.
Nikarudi nyumbani na swali hilo
na mama akacheka, mara ya kwanza tangu arobaini.
"Cha nyuma kina wapangaji."

Mwaka ekseli ilipokatika, anasema,
gari likawekwa juu ya mawe
na baba yako akahamia kwa nyuki.
Alikosa ubao wa kuziba mzinga.
Bisibisi hakukosa.

Tukaenda usiku, mimi na binamu Mlekwa,
moshi wa matambara mkononi,
mrumba wa tatu baada ya kijito kikavu.
Nikamulika juu
na gari la baba likanitazama kutoka kwenye matawi:
TBA 407,
na sifuri imetobolewa kwa kekee, katikati kabisa,
nyuki wakiingia na kutoka humo
kana kwamba namba iliandikwa kwa ajili yao.
Miaka ishirini na sita.
Pembeni rangi imebabuka,
lakini mdomo wa sifuri unang'aa
kwa kusuguliwa na miguu midogo.

Mlekwa alichomwa mara nane. Mimi moja, kwenye kope,
kwa hiyo leo namwona Bwana Ntahondi nusu nusu
akikigeuza kibao, akikinusa,
akipitisha kidole cha shahada kwenye tundu
na kukitoa na nta.
"Namba hii ina tundu."
Ndiyo.
"Tundu la nini?"
La mlango.

Hakucheka. Alifungua droo,
akatoa karatasi nyeupe, si fomu,
akaandika barua ya makao makuu kwa mkono,
akiuliza kama hamsini na tisa inaweza kuingizwa
na mtu, iwapo mashine haiwezi.
Saba yake aliiandika bila mkia.
Akasita. Akaurudia, akauweka.

"Siku thelathini," akasema. "Za kazi."

Mstari wa tatu wa sababu nimeuacha wazi.
Tone la nta limekaa hapo
na mhuri umepigwa kando yake.

Mzinga tuliuziba kwa mfuniko wa sufuria kubwa.
Mama bado anautafuta.
Tumemwambia asubiri
siku thelathini za kazi.