Usiniulize Mwezi

Barua yako imefika, Bi Jerotich,
na picha ya Mzee kajifunika blanketi kwenye baridi ya Njoro.
Unauliza: tuje Kisumu mwezi gani
apate ule upepo wa gati?

Miezi naijua.
Nimeshika funguo za gati hili miaka kumi na tisa,
na ukutani, nyuma ya majaketi ya kuokolea,
nimechora kwa makaa kila siku niliyolowa.

Januari jua hukaa juu ya mbao
hata vichwa vya misumari vikachoma nyayo.
Machi mvua huanza kwa kuomba radhi.
Aprili haiombi.
Mhandisi Odindo alimwozea bintiye hapa, Aprili, saa kumi jioni.
Nilimwambia. Akanionyesha risiti ya hema.
Hema tulilikuta Usoma, limetua juu ya magugu maji
kama kuku anayeatamia,
na keki, ghorofa tatu, ilikwenda na maji
ikisindikizwa na bata.
Julai sisi tunavaa sweta; ninyi mtatucheka.
Oktoba magugu yanaweza kuhamia:
unalala na ghuba, unaamka na shamba,
maua ya zambarau hadi upeo wa macho,
na mashua zimekwama humo kama ng'ombe topeni.

Lakini miezi ni hesabu ya watu wa mbali.
Hapa ikweta ni jirani,
mwaka mzima huingia ndani ya siku moja
ukatoka kabla ya chakula cha usiku.
Usiniulize mwezi.
Niulize saa.

Saa kumi na mbili asubuhi upepo hutoka bara,
umeshuka Nandi, una harufu ya miwa iliyokatwa,
unayasukuma maji polepole
kama mtu anayefunga mlango mtoto kalala.
Saa nne umekufa. Bendera inaning'inia kama soksi.
Hapo sami, vijidudu vyetu vya ziwa,
huweza kupanda kama moshi. Funika chai.
Saa sita hata wabishi hawabishani.

Kisha, saa saba na dakika chache,
nyaya za milingoti:
ting.
Kimya.
Ting, ting.
Maji katikati ya ghuba yanageuka rangi,
mkunjo mweusi unakuja kutoka upande wa Homa,
unakuja bila haraka,
na ghafla shati limekujaa mgongoni.

Huo ndio upepo wa Mzee.
Una saa mbili, ukijaliwa mbili na nusu.
Baadaye tazama mashariki:
wingu likipanda juu ya milima, kichwa bapa kama fuawe,
mwingize ndani. Hatushindani na mhunzi.

Benchi lipo. Nimelipaka buluu.
Mguu mmoja mfupi, nimeuwekea jiwe.
Ukuta unakinga kiuno, uso unabaki wazi,
na mbele hakuna kitu ila maji
na yule korongo mmoja asiyelipa kiingilio.
Jana nilikaa hapo na blanketi langu, makusudi,
nikajifanya yeye.
Nilihesabu pumzi ishirini, nikasahau kuhesabu.

Unaandika: tunangoja msimu mzuri.
Mimi si daktari, Bi Jerotich.
Ila ile picha nimeitazama mara ya pili,
mikono yake ilivyolazwa juu ya blanketi,
kama makasia yaliyokwisha kupandishwa.

Njooni Alhamisi.
Mkitoka Njoro saa kumi na moja alfajiri
mtapita Kericho chai ikiwa bado na ukungu,
na nyaya zitakapogonga mtakuwa mmeketi.
Kama nimekosea, mvua ikawahi,
ninayo miavuli miwili,
na mmoja unafunguka.