Mraba Mmoja

Kilomita ishirini na tano kwa ishirini na tano:
ndani ya mraba huo Cibalonza ameweka ziwa,
Kadutu, Nguba, Ruzizi na ng'ambo yake,
vyote kimo kimoja,
kana kwamba Bukavu ni meza.

Kompyuta inahesabu tangu juzi.
Umeme ulikatika ilipofika mwaka 2041;
usiku ikaanza upya, mvua ya wajukuu
ikidondoka tarakimu kwa tarakimu.

Mama anachambua maharagwe mlangoni.
"Hiyo mashine imeiona nyumba yetu?"
Haijaiona. Haijui ngazi za udongo za Funu
wala nyumba ya akina Mushagalusa
iliyoteremka Aprili, wenyewe wamelala.

Modeli sita. Nne zasema mvua itazidi,
mbili zinakataa.
Cibalonza anaandika: huenda.
Neno dogo; limemgharimu mwezi.

Mama ana lake. Mwaka wa tatu huu
hamalizi mbegu Septemba:
hunusa upepo, hupanda robo,
robo tatu huzihifadhi chini ya kitanda.
"Andika na hiyo."

Cibalonza anatafuta safu ya kuiweka.
Hakuna.
Taa inapepesa.
Anahifadhi alichonacho.