Kisima Nambari Moja

Bwana Zahor aliingia Ibra na cherehani kichwani
na Kiarabu cha msahafu tu.
Akiagiza vitunguu sokoni
watu waliinama kana kwamba imeanza hotuba.
Hakukasirika. Alirudi na vitunguu.

Hiyo ilikuwa sabini na mbili.
Wete, alikozaliwa, walimwita Mmanga.
Huku, kwenye makaburi ya babu zake, walimwita Mzinjibari.
Akasema: la tatu nitajipa mwenyewe.

Akachimba.
Miezi minne, yeye na Mbulushi mmoja, Dilmurad,
mtaimbo, baruti, kamba ya katani,
pima kumi na tatu za mwamba usiosikia dua.
Maji yalipotoka yalikuwa machungu.
Siku ya nne yakawa matamu,
na waliomcheka wakaja na ndoo.

Kisha Serikali ikatafuta mtu
wa kusoma ramani kwa Kiingereza
na kugombana kwa Kiarabu.
Kiarabu chake sasa kilishajua kutukana.
Wakampa meza, muhuri,
Landrova isiyo kioo cha nyuma,
na mimi, nimpigie chapa.

Mkurugenzi wa Maji!
Kanzu imepauka mavumbi, ndoo ya rangi mkononi,
akipita mashamba kuhesabu visima.
Chake alikipaka nambari moja.
Nilidhani ni majivuno.

Mwaka wa themanini na tisa falaji ikakauka.
Wazee walikuja ofisini, wakaketi,
hawakusema neno.
Mmoja aliweka juu ya faili zetu kole la tende
lililosinyaa kabla ya kuiva.
Sote tulijua: pampu zilikuwa zikinyonya
mshipa ule ule, chini kwa chini.

Akaniita. "Piga chapa."
Amri ya kufunga visima kumi na saba.
"Andika: nambari moja."

Vidole vyangu vikasimama.
Akadhani wino wa utepe umekwisha,
akaniletea mwingine.

Dilmurad ndiye aliyemwaga zege.
Alikataa malipo, akakataa na chai,
wakaagana kwa Kibulushi
ambacho sikujua kama Bwana Zahor anakijua.

Maji ya falaji yalirudi baada ya mvua mbili.
Wako wanaosema ni mvua tu.
Sibishani nao.
Ninayo nakala ya kaboni,
na sahihi yake, chini,
imekwaruza karatasi hadi kuitoboa.