Mizani ya Dhahabu

Mama yao alikula panya aliyekula sumu.
Nilimkuta alfajiri nyuma ya magunia ya mukene,
mdomo wazi, chuchu bado zina maziwa,
na wanne juu yake wakinyonya baridi.

Mimi Drateru, muuza dagaa, soko la Arua.
Kwetu mtoto hupewa jina la msiba uliomtangulia:
dra ni kifo. Nimekibeba jinani miaka hamsini na sita,
nakijua kinavyoingia. Huanzia miguuni.
Nikawashika miguu.

"Usiwape kitu kwanza," alisema Candia wa mifugo,
hata pikipiki hakushuka.
"Tumbo baridi halipiki. Wapashe moto, ndipo uwalishe.
Na maziwa ya ng'ombe sahau, watahara mpaka waishe."

Basi chupa ya soda, maji ya moto,
kitenge nilichokwenda nacho matangani mara nyingi mno,
boksi la sabuni likawa nyumba.
Maziwa ya mbuzi, kiini cha yai kidogo,
bomba la sindano lililong'olewa ncha.
Tone. Ngoja. Tone.
Kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu,
maana akinywea chali maziwa hukosa njia, huenda mapafuni.
Kisha kitambaa chenye unyevu chini ya mkia,
polepole, kama ulimi wa mama, hadi akojoe.
Nani alijua kwamba hata kukojoa huombwa?

Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi za usiku.
Mwanangu Alioni akageuka kitandani:
"Mama, hata mimi hukunilea hivi."
"Wewe ulikuwa na mama," nikamjibu.

Lakini mizani yangu haikuwaona.
Imezoea magunia; nilimweka mmoja sahanini,
mshale ukabaki kwenye sifuri kama haukusikia.
Nikaenda kwa Swadiki Kenyi, mnunuzi wa dhahabu ya Kongo,
nyuma ya mlango wa chuma,
mtu asiyemwachia funguo hata mkewe.
"Unataka nini?"
"Nataka kujua kama wanakua."
Alinitazama. Akavaa miwani. Akapangusa sahani yake ndogo.
Tisini na mbili. Mia na nne. Mia na moja. Themanini na tatu.
Akaandika daftarini, chini ya mzigo wa mtu wa Ariwara.
"Kesho?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Kesho, na kesho yake.
Watatu walipanda gramu kumi, nane, kumi na mbili.
Yule mdogo: themanini na tatu.
Themanini na tatu.
Themanini.
Usiku wa tano alifia kiganjani mwangu
na tone la maziwa kidevuni.
Jioni nilipeleka watatu. Swadiki alichungulia kikapuni,
akachungulia tena. Hakusema neno.
Aliandika mistari mitatu, wa nne akauacha mweupe,
na kila siku iliyofuata akauacha mweupe.

Siku ya tisa macho yakapasuka,
samawati iliyofifia, moshi wa kuni mbichi.
Viroboto nilivitoa kwa kitana, kimoja kimoja,
dawa ya mbwa ingewaua.
Wiki ya tatu dawa ya minyoo, wakanichukia kutwa nzima.
Wakajifunza mchanga. Wakajifunza mukene uliolowekwa,
na kuiba mukene usiolowekwa.

Hadi jioni moja yule jike wa madoa
akajikalia mwenyewe juu ya sahani, akalamba bega,
na mizani ikalia, ikakataa kusoma.
"Nusu kilo ndiyo mwisho wake," alisema Swadiki.
Akakaa kimya. Akafunga daftari, akafunga mlango, kufuli mbili,
akanifuata sokoni, yeye asiyetoka,
akipita kati ya matenga ya nyanya kama mgeni.

Nikamweka paka kwenye mizani yangu ya samaki.
Mshale ukatikisika,
ukapanda kidogo, ukasimama.
Swadiki alikwisha toa kalamu.